Matanga ya Baba Yake Luka

Mmekuwa mkiniuliza, wajukuu zangu na ninyi wengine msio wajukuu zangu lakini mnaokunywa chai yangu, kijana wa umri wenu asome vitabu gani. Jibu langu ni moja: asome hadithi ndefu za vijana wenzake waliokutana na hatari, na waliofiwa. Hapo ningeweza kuweka kalamu chini nikalale. Lakini nawajua. Mtasema mzee huyu anapenda tu kuliza watoto wa watu. Basi acheni niwaeleze nilikolipata jibu hilo, maana sikulipata darasani. Nililipata juu ya kinga, ile baiskeli nzito ya chuma, kati ya Kasongo na Kabambare, wakati wa Wabelgiji, kwenye njia ambazo ninyi leo mnazilalamikia mkiwa mmekaa juu ya pikipiki.

Nilikuwa mtu wa maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Kasongo, chenye kuta za matofali, mlango mmoja, na popo darini wasio na heshima yoyote kwa maandishi. Mkuu wangu aliitwa Mzee Alimasi, mtu wa ukoo wa Waungwana wa mjini, mwembamba, kofia yake haikuwahi kuwa na doa na ulimi wake haukuwahi kuwa na huruma. Siku aliyonipokea kazini alininusa mikono. Alitaka kujua kama nimekula samaki, kwa sababu mende hufuata harufu ya samaki mpaka ndani ya kurasa. Nilikuwa nimekula. Akanirudisha nyumbani nikanawe kwa majivu na ndimu.

Katikati ya vitabu tuliweka majani makavu ya tumbaku ili wadudu wasikaribie. Yalifanya kazi vizuri sana. Ila wasomaji wetu walirudi makwao wakipiga chafya, na kuna wazazi walioamini kabisa kwamba kusoma kunaleta mafua.

Mzungu wa teritware, mtawala wa wilaya yetu, alitaka watu wasome habari za vyoo na kilimo cha pamba. Vijitabu vya vyoo na pamba tulikuwa navyo tele, na ni mchwa peke yao waliovisoma mpaka mwisho. Kisha familia moja ya Wazungu ikarudi kwao, ikatuachia sanduku la vitabu vya watoto wao waliokwisha kukua. Vyote vilikuwa vya Kifaransa, vingine havina jalada. Mzee Alimasi alivisoma masika nzima, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, halafu akaniita.

"Ramazani," akasema, "hivi njo vitabu, vitabu vyenyewe."

Nikamuuliza vinahusu nini. Akanieleza kwamba watoto wanapotea, wazazi wanakufa, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayetokea kuwaokoa. Nikamwambia watu wa huku wana shida zao za kutosha, hawatataka kuazima za wengine. Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kisha akaniambia nichague vichache nivifunge kwenye sanduku la bati la kupeleka vijijini kwa kinga, vijitabu vya pamba nikiviweka juu ili atakayefungua akute pamba kwanza.

Namna yake ya kumpa mtu kitabu sijaiona tena kwa mwingine. Msomaji akiingia, hakumuuliza anapenda nini. Alisema anayejua anachopenda hana haja na mtunza maktaba. Alimuuliza ametoka wapi, amekula nini, nani anamngoja nyumbani, na huku anauliza mkono wake ulikuwa tayari unatembea rafuni. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa amenuniana na baba yake. Alipewa hadithi ambamo baba anapotea msituni. Aliirudisha macho yakiwa mekundu, wala hakukaa kuzungumza, kwa sababu alikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Mzee Alimasi akapiga chafya, akakirudisha kitabu mahali pake, akaendelea na kazi.

Jambo moja alinikataza kabisa: kumpa aliyefiwa kitabu cha kuchekesha. Aliyefiwa, alisema, amekwisha kuzungukwa na watu wanaomwambia anyamaze. Mtafutie mmoja anayelia. Mimi nilikuwa kijana, nikaona hayo ni maneno ya mzee mwenye miguu inayouma. Sasa nina miguu inayouma, na ninawapa maneno yale yale.

Njiani nilijifunza mengine mwenyewe. Vijijini waliosoma Kifaransa walikuwa wachache, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuusoma ukurasa kwa macho na kuutoa mdomoni kwa Kiswahili. Mwanzoni nilikifunga kitabu ili nisimulie kwa raha. Wapi! Kitabu kikifungwa, watu walinishuku kwamba nimeanza kujitungia. Tangu hapo nilikishika wazi mbele yangu hata pale nilipokijua kwa moyo, na sikusahau kugeuza kurasa, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mzee mmoja aliyetazama vidole vyangu kuliko alivyosikiliza.

Kingine ni theluji. Nilikuwa na hadithi ya dada wawili waliopotea mlimani wakati wa baridi kali, mdogo ana homa, mkubwa anambeba mgongoni. Ni hadithi nzuri mno. Mkubwa anamdanganya mdogo kila anapouliza kama wamekaribia, mpaka wewe msomaji unaanza kuuamini uongo wake. Lakini nitawaelezaje watu wa Kabambare theluji? Nikasema ni kitu cheupe kinachoshuka kutoka mbinguni, kimefunika mlima wote kama unga wa muhogo. Wakakubali. Nikaendelea kusoma jinsi wale wasichana walivyokaribia kufa kwa njaa. Mtu mmoja akanyanyua mkono, akauliza kwa upole kwa nini wasisonge bugali. Ilinibidi nianze upya, na tangu siku ile nikasema ni maji yaliyokufa kwa baridi, wala hawakuniuliza tena.

Ukweli nilikuwa navistahi vitabu vile kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Waandishi wake hawakuwahi kumdanganya kijana. Wangeweza kumrudisha marehemu mwishoni, mtu akafurahi, akalala. Hawakumrudisha. Badala yake walimpa yule mtoto aliyebaki kazi ya mikono: moto wa kuwasha, mdogo wa kubeba, mlango wa kuziba upepo usiingie. Nilipovisoma nilijiona mtu mzima zaidi kuliko siku niliyooa.

Kilichokuwa bora kupita vyote tulikiita Mashua ya Chumvi. Luka, kijana wa umri wenu, anasafiri na baba yake kwenye mto mkubwa wakipeleka chumvi mjini kwa mashua. Anasimulia mwenyewe. Baba yake ni bahili wa tumbaku, anaimba vibaya, anajua kila jiwe la mto. Mafuriko yanakuja, kamba inakatika, baba anateleza na kuzama. Na pale pale, mbele yao, kuna daraja. Luka akiuacha usukani aende kumtafuta baba, mashua itagonga nguzo, nayo imebeba chumvi ya kijiji kizima. Mwandishi anatoa ukurasa mzima kwa mikono ya yule kijana juu ya usukani. Halii. Anashika tu. Sijui mwandishi yule alikuwa nani nyumbani kwake, lakini ukurasa ule ningeutia fremu.

Kitabu hicho ndicho kilichonikalisha Wamaza, kijiji cha upande wa Kabambare.

Wamaza nilizoea kufikia kwenye barza ya Bibi Aziza, kwa sababu ilikuwa pana na yeye alipenda wageni. Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kupita, mkulima wa mpunga na wa pamba ya lazima, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Aliishi na mjukuu wake, Riziki, msichana aliyesoma shule ya Kabambare na kujua Kifaransa. Kila nilipofika, Riziki alifungua sanduku langu kabla sijanywa maji, akachomoa kitabu, akaenda nacho nyuma ya nyumba. Alisoma kwa kasi iliyonipa wivu.

Jirani yao, Shehe Sefu, aliyefundisha watoto Kurani chuoni, ndiye aliyenieleza mambo ya nyumba ile, akiniomba nisiyataje mbele ya mwenyewe. Baba yake Riziki, mtoto wa pekee wa Bibi Aziza, alikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya kaskazini. Baadaye mchuuzi mmoja akapita na habari kwamba udongo umemwangukia. Bibi Aziza akamuuliza mchuuzi kama alimwona. Hakumwona. Kama alimzika. Hakumzika. Basi Bibi Aziza akasema mwanawe yuko safarini, na asiwepo mtu wa kuangua kilio nyumbani kwake. Kila jioni aliandaa sahani ya mwanawe, na Riziki ndiye aliyepaswa kuifunika na kuiweka, kwa sababu baba akirudi sharti apokewe na mtoto wake.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Riziki alikuwa amepata nafasi Kasongo ya kusomea ualimu. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa, na asipofika nafasi ingekwenda kwa mwingine. Bibi Aziza hakumkatalia. Alisema aende, naam, baba yake akisharudi. Shehe alikwisha kusema naye, wajomba walikwisha kusema naye, akawapa wote wali na kuku na kuwaaga kwa adabu.

Jioni ninayowasimulia, nilikuwa nimepanga kusoma habari za dada wawili. Watu walikwisha kurudi kutoka mashambani, wamekaa, Bibi Aziza yuko mlangoni anapeta mchele kwenye ungo. Riziki akaja, akakitoa mkononi mwangu kitabu cha theluji, akaniwekea Mashua ya Chumvi.

"Leo usome hii," akasema.

Alikuwa amekisoma safari iliyopita. Alijua kilichomo, nami nilijua. Nilimtazama, yeye akatazama sakafu. Nawaambia kweli, niliogopa. Lakini nilikumbuka lile katazo la Mzee Alimasi, nikafungua.

Walimpenda sana yule baba. Walicheka alipoficha tumbaku yake ndani ya buti, na Bibi Aziza alicheka kuliko wote, akisema wanaume wa mto wote ndivyo walivyo. Kisha nikafika kwenye kamba. Nikasoma alivyoteleza, nikasoma ile mikono juu ya usukani. Ungo ukaanguka, mchele ukamwagika, na Bibi Aziza akaweka mikono kichwani, akaangua kilio.

Ninyi mnajua kilio cha matanga kinavyopigwa. Hakifanani na kingine. Kilivuka nyumba, kikavuka bonde, na hata kabla sijafunga kitabu wanawake walikwisha kuanza kuja mbio wakifunga vitenge viunoni. Wengine walikuja na mikeka, wengine na kuni. Hakuna aliyeuliza ni nani, kwa sababu mtu hakai kwanza kuuliza. Nilizunguka nikiwaeleza kwamba hiki ni kitabu tu, aliyekufa ni Mzungu mmoja wa kwenye hadithi, na kila niliyemweleza alinipa pole na kuniomba nisogee aweke kuni.

Nikaona bora nijiondokee. Nilikuwa nafunga sanduku nyuma ya kinga Bibi Aziza aliponiona.

"Unaenda wapi, Bwana Kitabu? Mutu analeta habari ya kufa, kisha anapanda kinga?"

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba mambo haya ni ya kitabu.

"Mimi si mutoto. Ninajua iko mambo ya kartasi," akasema. "Lakini kilio kimetoka mu nyumba yangu. Kilio kikitoka, kinakaliwa. Na wewe njo ulikileta."

Nikakaa. Nilikaa upande wa wanaume, kwenye mkeka, nikipokea mikono ya watu kama mfiwa. Kesho yake kapita wa pamba, yule msimamizi wa mashamba, akaja kwa hasira kuuliza kwa nini watu hawapo kazini. Akaambiwa kuna msiba. Msiba wa nani? Wa baba yake Luka, mchukuzi wa chumvi. Kapita akavua kofia, akasema hakuwa na habari, akakaa kando yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliugua.

Ilipofika saa ya dua, wakamwita Shehe Sefu. Alikaa, akainua mikono, halafu akaishusha. Akanigeukia na kuniuliza jina la marehemu. Nikafungua kitabu. Nikapekua mwanzo, nikapekua katikati. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile sijui mara ngapi wala sikuwahi kuliona jambo hili: Luka anasimulia mwenyewe, na tangu ukurasa wa kwanza anasema baba, baba, baba tu. Mwandishi hakumpa yule mtu jina.

Nikasema hana.

"Siwezi kusomea mutu hana jina," akasema Shehe Sefu, naye alisikitika kweli. "Nitamuombea nani?"

Watu wakatazamana. Msiba mzima, kuni, mikeka, kapita na kofia yake mapajani, vyote vilikuwa vimesimama hapo. Riziki alikuwa mlangoni ameshika birika la maji ya kunawia wageni. Aliliweka chini.

"Anaitwa Saidi," akasema. "Saidi, mutoto wa Aziza."

Hapakuwa na mtu aliyethubutu kugeuza shingo kumtazama Bibi Aziza, lakini wote tulimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha. Alimwangalia mjukuu wake muda mrefu. Nilidhani atasimama atufukuze, na angekuwa na haki. Mwishowe akamgeukia Shehe.

"Musomee," akasema.

Shehe Sefu akasoma. Sauti yake ilikatika mara kwa mara, kwani Saidi alikuwa mwanafunzi wake wa chuo. Na pale pale matanga yakabadilika. Wanawake waliokuwa wakilia kwa adabu wakalia kwa mioyo yao. Watu wakaanza kumsimulia Saidi: alivyoiba miwa, alivyovuka mto uliojaa akiwa amembeba Riziki mabegani, alivyokuwa hajui kuimba na haachi kuimba. Walikuwa wameyabana yote hayo vifuani tangu siku ya yule mchuuzi, kwa kumheshimu mama yake. Riziki alilala kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya bibi yake, akalia kama mtoto, na bibi akawa anampangusa kamasi kwa kitenge. Mimi sikumjua Saidi, lakini nililia pia, na kapita wa pamba alilia kunishinda.

Nimewaona watu wengi wenye vyeo na maarifa. Sijamwona aliyefanya jambo kubwa kuliko msichana yule mwenye birika. Wazee walishindwa, Shehe alishindwa. Yeye alichagua kitabu. Alimpa bibi yake mtu wa kumlilia kwanza, ndipo akampa jina. Baadaye nilipomsimulia Mzee Alimasi alisema maktaba ya Kasongo imepata mkuu mpya, ila bado hajaambiwa.

Matanga yalipoondolewa, Bibi Aziza mwenyewe ndiye aliyefunga nguo za Riziki kwenye kitenge. Tulikwenda Kabambare sote watatu, mimi nikisukuma kinga, mzigo wa msichana ukiwa juu ya sanduku la vitabu. Njia nzima bibi alimpa maagizo: asile kwa watu asiowajua, asicheke na madereva, aswali. Tukapata lori lililokuwa linakwenda Kasongo na magunia ya pamba, dereva akiwa mtu mwenye mke na heshima zake. Riziki akapanda juu ya magunia. Bibi Aziza akamshika mguu, hakutaka kuuachia hata dereva alipowasha moto wa lori.

Hapo ndipo alipokumbuka. Akanigeukia, macho yamevimba.

"Bwana Kitabu, na ule Luka? Hukutumalizia. Alifika na ile chumvi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Riziki akainama kutoka juu ya magunia.

"Usimuambie," akasema. "Urudi naye Wamaza, umusomee."

Mimi nilikuwa nangojwa Kasongo, na sanduku langu lilikuwa limechelewa vya kutosha kunipatia maneno makali. Nilimtazama yule mama, na ile njia ndefu aliyokuwa anarudi peke yake kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumngoja yeye, wala mtu ambaye yeye angemngoja. Bibi Aziza akaachia mguu wa mjukuu wake, akajifunga kitenge sawasawa.

"Umesikia mwalimu wako," akaniambia. "Geuza kinga."

Lori likaondoka na Riziki, nami nikageuza.